Fasili Husomwa kwa Kalamu: Kamusi na Faharasa katika Kujifunza Hisabati

Ndugu walimu, wanafunzi na wazazi mliofika, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kamusi na faharasa, na jinsi zinavyoweza kumsaidia mtu anayejifunza hisabati. Nitaanza na neno moja tulitazame kwa karibu, kisha tuone linatupeleka wapi.

Neno lenyewe ni namba tasa. Mwanafunzi amelikuta kwenye swali, halijui, naye anafanya jambo la busara kabisa: anafungua kamusi ya Kiswahili. Penye kidahizo cha tasa anaelezwa habari za kiumbe asiyezaa. Anarudi kwenye swali akiwa na picha ya namba isiyozaa, na picha hiyo haimwambii lolote kuhusu 51. Je, 51 ni tasa au si tasa? Kamusi aliyoifungua haina kosa. Imejibu swali jingine.

Basi anakwenda kwenye faharasa iliyo nyuma ya kitabu chake cha hisabati. Huko anakuta: namba tasa ni namba inayogawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Hapo sasa ana kitu cha kushika. Anajaribu 51: inagawanyika kwa 3, jibu ni 17. Imetoka, si tasa. Anajaribu 2: inagawanyika kwa 1 na kwa 2, basi. Imeingia, ingawa ni shufwa. Anajaribu 1, na hapo ndipo kazi inapoanza. Namba 1 inagawanyika kwa 1. Inagawanyika kwa yenyewe, ambayo ni 1 hiyo hiyo. Kwa maneno ya fasili hiyo, mtu anaweza kutetea kwa nguvu zote kwamba 1 ni tasa.

Anafungua kitabu cha pili. Kinasema: namba tasa ni namba ya kuhesabia yenye vigawo viwili tu vilivyo tofauti. Anaijaribu tena 1. Vigawo vyake ni vingapi? Kimoja. Imetoka. Fasili mbili ambazo kwa macho ya haraka zilionekana ndugu mapacha zimetoa majibu tofauti, na tofauti hiyo huioni mpaka ushike kalamu ujaribu.

Hili ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote nitakayoyasema yanalizunguka. Fasili ya hisabati ni kipimo. Unakitia kitu kwenye kipimo, kinakwambia kimo au hakimo. Anayesoma fasili kwa macho tu, akatikisa kichwa na kufunga kitabu, bado hajaitumia.

Suala la 1 si la watoto peke yao. Mwaka 1742, Goldbach alipomwandikia Euler barua yenye dhana iliyobeba jina lake hadi leo, aliihesabu 1 miongoni mwa namba tasa. Mwaka 1914 Derrick Norman Lehmer alichapisha orodha kubwa ya namba tasa zinazofika hadi kupita kidogo milioni 10, na orodha hiyo inaanza na 1. Hawa walikuwa wataalamu, na namba walizifahamu vizuri kuliko wengi wetu. Fasili ndiyo ilikuwa haijatulia. Leo imetulia, na sababu yake inafaa kujulikana: tunataka kila namba ya kuhesabia iliyo kubwa kuliko 1 ivunjwe kuwa zao la namba tasa kwa njia moja tu. Namba 12 ni 2 × 2 × 3, na hakuna namna nyingine ukiacha kubadili mpangilio. Ukiiruhusu 1 iwe tasa, utaandika 1 × 2 × 2 × 3, halafu 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na kuendelea bila mwisho, na kila kanuni inayosema "kwa njia moja tu" itabidi iongezewe maneno ya kujitetea. Kwa hiyo 1 iliwekwa nje. Hilo ni jambo la kuamua, na waliloamua lina faida.

Kamusi ya lugha haifanyi kazi namna hiyo. Waandishi wake husikiliza. Hukusanya jinsi watu wanavyolitumia neno, wakaandika maana walizozikuta, na neno likipata maana mpya mitaani, toleo linalofuata huiongeza. Katika hisabati, maana huwekwa kwanza, matumizi yakafuata. Ndiyo maana neno ambalo unalijua tangu utotoni linaweza kukuangusha kuliko neno geni. Neno geni utalitafuta. Neno "asili" hutalitafuta, kwa kuwa unalijua, kumbe katika sehemu ¾ asili ni ile 4 iliyo chini, na kiasi ni ile 3 iliyo juu. Neno "guni" anayependa mashairi analijua vizuri: ni shairi lililokiuka arudhi. Kwenye hisabati, sehemu guni ni ile ambayo kiasi chake hakipungui asili, kama 7/4. Ushauri wangu kwa wanafunzi ni kwamba tafuteni hata maneno mnayoyajua, na muanze na hayo.

Sasa twende kwenye mstatili, kwa sababu hapa huwa pana ubishi mkali darasani, na ninaupenda ubishi huo. Faharasa inasema: mstatili ni umbo bapa lenye pande nne ambalo pembe zake zote ni pembemraba. Nachora mraba. Una pande nne? Unazo. Pembe zake zote ni nyuzi 90? Ndiyo. Basi mraba ni mstatili. Mwanafunzi anakataa. Anasema mstatili una pande mbili ndefu na mbili fupi, kila mtu anajua. Ninamwomba anionyeshe neno "ndefu" kwenye fasili. Halimo. Amelileta yeye, kutoka kwenye picha zote za mistatili alizowahi kuonyeshwa, na hakuna hata moja iliyokuwa mraba.

Mwanafunzi huyo asidharauliwe, maana yuko upande mmoja na Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Katika kitabu chake cha Elementi, cha mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo, Euclid aliyagawa maumbo ya pande nne kwa kuyatenganisha: mraba una pande sawa na pembemraba, na lile umbo jingine lina pembemraba lakini pande zake si sawa. Kwake yeye mraba haukuwa mstatili. Sisi tumechagua vinginevyo, na faida yake ni hii: chochote utakachothibitisha kuhusu mistatili yote, umekipata kwa miraba bila kutoa jasho la pili. Ukionyesha kwamba katika mstatili mistari miwili inayounganisha pembe zinazokabiliana ina urefu sawa, huna haja ya kurudia kwa mraba.

Kwa hiyo mnapokuta fasili, soma kila neno, kisha jiulize ni neno gani halipo ambalo wewe unadhani lipo. Swali hili la pili ni gumu kuliko la kwanza, na linafundisha zaidi.

Kuna maneno madogo ambayo hakuna faharasa ninayoijua inayohangaika nayo vya kutosha, nayo ndiyo yanayowaponza wengi. Neno "au" ni mojawapo. Mwenyeji akimuuliza mgeni "utakunywa chai au maji?", anategemea achague kimoja. Mwanahisabati akisema "x inagawanyika kwa 2 au kwa 3", namba 6 imo, ijapokuwa inagawanyika kwa zote mbili. "Au" ya hisabati inaruhusu vyote viwili isipokuwa imesemwa wazi vinginevyo. Kisha kuna "kati ya". Namba nzima zilizo kati ya 3 na 7 ni zipi? Je, 3 na 7 zenyewe zimo? Waandishi hawakubaliani, na dawa yake ni kutafuta ukurasa ambao mwandishi wako ameeleza desturi yake, au kuangalia mfano wa kwanza aliouhesabu. "Angalau 5" inaihesabu 5. "Zaidi ya 5" haiihesabu. Katika mtihani wa uwezekano wa matukio, maneno hayo mawili peke yake yanaweza kubadili jibu zima.

Na neno "ikiwa". Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Sentensi ya kwanza: namba nzima huitwa shufwa ikiwa inagawanyika kwa 2 bila baki. Sentensi ya pili: ikiwa namba inagawanyika kwa 4, basi ni shufwa. Zote mbili zina "ikiwa", lakini hazifanyi kazi moja. Ya kwanza ni fasili, nayo inakwenda pande zote mbili: inayogawanyika kwa 2 ni shufwa, na iliyo shufwa inagawanyika kwa 2. Ya pili ni dai, na inakwenda upande mmoja tu. Geuza uone: je, kila shufwa inagawanyika kwa 4? Namba 6 inakataa. Mwanafunzi ambaye hajaonyeshwa tofauti hii atageuza madai yote kama anavyogeuza fasili, na atakosa maswali ya uthibitisho mwaka baada ya mwaka bila kujua kinachomkosesha. Ndiyo sababu faharasa nzuri huchapa istilahi kwa herufi nzito mahali inapofasiliwa: ni alama kwamba hapa "ikiwa" inakwenda na kurudi.

Mambo ya upekuzi nitayapitia haraka, kwa kuwa mkiyazoea siku chache yanakaa. Kamusi ya Kiswahili hupanga nomino kwa umoja na vitenzi kwa shina. Anayetafuta "vipeuo" aende kwenye kipeuo, na anayetafuta "hugawanyika" aende kwenye gawa au gawanya. Istilahi ya maneno mawili, kama sehemu guni, inaweza kuwa chini ya neno la kwanza au la pili, jaribu kote. Alama nazo zina faharasa yake kwenye vitabu vya ngazi za juu, mara nyingi mwanzoni, na wengi hawaifungui kamwe.

Ila kuna upekuzi mmoja ambao sitaupitia haraka: kupekua maneno yanayofanana. Kigawo na kigawe. Kipeo na kipeuo. Herufi moja tu, na maana zinakwenda njia mbili. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12, vinakwisha. Vigawe vyake ni 12, 24, 36, 48, haviishi. Ndiyo maana tunatafuta kigawo kikubwa cha shirika na kigawe kidogo cha shirika, na hatutafuti kinyume chake. Kwa 12 na 18, kigawo kikubwa cha shirika ni 6, kigawe kidogo cha shirika ni 36. Anayekariri vifupisho vya KKS na KDS bila kurudi kwenye maneno hayo mawili atavibadilisha siku ya mtihani. Anayejua kwamba vigawo vinakwisha na vigawe haviishi hawezi kuvibadilisha, kwa sababu "kigawe kikubwa" hakipo, na "kigawo kidogo" siku zote ni 1, hakina haja ya kutafutwa.

Wapo kati yenu wanaosoma hisabati kwa lugha zaidi ya moja, wakiwa na faharasa ya lugha mbili mezani. Nawasihi mjue faharasa hiyo inatoa nini. Inatoa neno lingine, ambalo nalo lina fasili yake mahali fulani. Chukueni namba chanya. Kwa desturi ya Waingereza, 0 si chanya. Mfaransa akiandika "positif" kwenye kitabu chake cha hisabati, 0 imo, na akitaka kuitoa huongeza neno. Faharasa ya lugha mbili itaweka neno moja mbele ya lingine kana kwamba ni sawa, na mwanafunzi atavuka mpaka akiwa na 0 ambayo upande wa pili hairuhusiwi. Hapo kosa si la mfasiri. Kila fasili ina mwenyewe, na ukivuka kwenda kwa mwingine unaanza upya kuuliza.

Hata ndani ya lugha moja, tazameni mwaka wa kuchapishwa. Kitabu cha zamani cha Kiingereza kikisema bilioni, huenda kinamaanisha milioni mara milioni, yaani 1 ikifuatwa na sufuri 12. Serikali ya Uingereza iliacha hesabu hiyo kwenye takwimu zake mwaka 1974 na kufuata ile ya Marekani yenye sufuri 9. Lugha kadhaa za Ulaya hazikuiacha mpaka leo. Namba asilia nazo: kiwango cha kimataifa cha ISO kinachohusu alama za hisabati kinaihesabu 0 kuwa mojawapo, na vitabu vingi sana vinaanza na 1. Mwanafunzi akiniuliza nani ana haki, namjibu kwamba aliyeandika kitabu unachokisoma ndiye mwenye neno la mwisho ndani ya kitabu hicho. Ukimaliza, ukafungua kingine, fungua faharasa yake kwanza.

Mtu anaweza kufuatilia fasili mpaka mwisho? Jaribuni. Mstatili unafasiliwa kwa pande na pembe. Upande ni kipande cha mstari. Mstari umeundwa na nukta. Nukta je? Euclid alisema nukta ni kile kisicho na sehemu. Lakini sehemu ni nini? Kamusi ya lugha hapa huzunguka: neno hili linaelezwa kwa lile, lile kwa hili, na msomaji anajiona amepata jibu. Hisabati iliamua kutozunguka. Mwaka 1899 David Hilbert alichapisha misingi ya jiometri ambamo nukta, mstari na bapa havikufasiliwa kabisa. Alitaja tu yale tunayokubali kuhusu uhusiano wake, kama kwamba nukta mbili tofauti zina mstari mmoja tu unaozipitia, na kila kitu kikajengwa juu ya hapo. Ninawaambia wanafunzi hili mapema, kwa sababu wengi wao hufika kwenye nukta, wakakosa fasili wanayoielewa, wakadhani akili zao ndizo zimeishia hapo. Hapana. Hapo ndipo fasili zenyewe zinapoishia.

Sasa nawageukia mmoja mmoja.

Wanafunzi, kila mmoja wenu awe na daftari lake la istilahi. Msinakili faharasa. Kunakili ni kazi ya mkono, na mkono hausahihishwi na mtu. Andika fasili kama ilivyo, kisha toa mfano wako mwenyewe, ambao haumo kitabuni. Kisha toa kitu kilichokaribia kuwa mfano kikakosa, na useme kimekosa kwa neno lipi la fasili. Kwa namba tasa, andika kwamba 51 imekosa kwa sababu ya 3. Halafu nenda mpakani: jaribu 0, jaribu 1, jaribu umbo lenye pande zote sawa, jaribu seti isiyo na kitu ndani. Fasili hujulikana mpakani. Maneno 5 kwa juma yaliyofanyiwa kazi hivi ni bora kuliko ukurasa mzima uliokaririwa, na mimi kama mwalimu nitafurahi zaidi kusahihisha hayo 5.

Wazazi, hamhitaji kujua hisabati ili kusaidia. Mtoto akikwambia amelielewa neno, mwambie akupe mfano mmoja, kisha akupe kisichokuwa mfano na sababu yake. Akisita kwenye cha pili, hajalielewa bado, arudi kwenye fasili. Mnaweza kufanya hivyo huku mnaendelea na shughuli nyingine.

Walimu wenzangu, na hasa mnaoandika vitabu, faharasa msiiache iandikwe siku ya mwisho kabla ya kupeleka mswada kiwandani. Inaonekana. Istilahi inafafanuliwa kwa istilahi mbili ngumu zaidi ambazo hazimo kwenye orodha. Fasili ya nyuma ya kitabu inatofautiana na ile ya sura ya tatu. Hakuna namba ya ukurasa. Wekeni ukurasa wa mahali neno lilipofasiliwa mara ya kwanza, wekeni mfano mmoja na kisicho mfano kimoja, na penye desturi mbili semeni wazi mmefuata ipi. Hilo ni ongezeko la mistari miwili kwa kila kitomeo, na mwanafunzi anayesoma peke yake usiku hana mtu mwingine wa kumuuliza.

Kabla ya maswali, tufanye neno moja pamoja, kalamu zikiwa mkononi. Neno ni trapeza. Limekuwa na misukosuko: huko London mwaka 1795 Charles Hutton alichapisha kamusi kubwa ya hisabati ambamo majina mawili ya Kigiriki ya maumbo ya pande nne yalibadilishana nafasi, na mpaka leo umbo ambalo Mwingereza analiita trapezium, Mmarekani analiita trapezoid. Sisi tuna trapeza, lakini vitabu vinaifasili kwa njia mbili. Cha kwanza kinasema: umbo la pande nne lenye jozi moja tu ya pande sambamba. Cha pili kinasema: umbo la pande nne lenye angalau jozi moja ya pande sambamba. Chora msambamba. Utie kwenye fasili ya kwanza, kisha ya pili. Halafu chukua kanuni ya eneo la trapeza, nusu ya jumla ya pande sambamba mara kimo, uitumie kwenye msambamba wako uone kama inakupa eneo sahihi. Ukishapata jibu, niambie wewe ungeandika fasili ipi kwenye faharasa, na kwa nini. Nawapa dakika 5, kisha tuanze na safu ya nyuma.